Wazo Lililokuja Wakati wa Sala

Mwaka 1932 Roma ilitenga sehemu ya nyanda za juu za kusini mwa Tanganyika, ikaifanya eneo la misheni la Tukuyu, ikawakabidhi Wamisionari wa Afrika, wale ambao watu wamezoea kuwaita Mapadre Weupe kwa ajili ya kanzu zao. Hawakukuta nchi isiyojua sala ya Kikristo. Wamoravian, akiwamo Theodor Meyer, walikuwa wamepiga kambi chini ya Mlima Rungwe tangu 1891, na mwaka huo huo Walutheri wa Misheni ya Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, waliingia Unyakyusa wakitokea Ziwa Nyasa. Mtu wa Lufingo, wa Masoko au wa Mwakaleli aliyetaka kubatizwa alikuwa na milango miwili iliyozoeleka kwa miaka 40. Wakatoliki walikuja wamechelewa, tena wachache.

Historia za misheni hupenda kutaja walichobeba: shule, dawa, rozari, misa ya Kilatini. Nataka kufuata kitu kingine, kisichoonekana kwenye picha za zamani. Kila alfajiri, kabla ya misa, padre wa shirika hilo alitakiwa kukaa kimya nusu saa akitafakari maneno au tendo la Kristo, na baada ya hapo kujiuliza ni nini kilichompata ndani ya ule ukimya. Maana katika kutafakari mawazo huja. Mtu anasoma habari ya Msamaria mwema, ghafla moyo unamjaa: akamtafute ndugu waliyekosana, auze shamba, aache kazi, aingie utawa, aanzishe kikundi cha maombi. Je, ni Mungu aliyesema? Ni yeye mwenyewe? Ni adui? Na hata akiwa na hakika kwamba ni Mungu, kesho asubuhi afanye nini? Maswali haya yanamkabili leo mwanajumuiya wa Lufingo vilevile yalivyomkabili padre wa 1932, na majibu aliyokuja nayo padre yule yalikuwa yamesafiri karne nne kabla ya kufika Tukuyu.

Unyakyusa wenyewe ulikuwa na elimu yake juu ya mambo yanayomjia mtu ndani. Monica Wilson na mumewe Godfrey, wanaanthropolojia waliofanya utafiti wao huko kati ya 1934 na 1938, waliandika habari za abamanga, watu walioaminika kuwaona usiku, katika ndoto, wachawi wanaokishambulia kijiji, na kuwazuia. Kinachonigusa katika maelezo hayo ni kwamba alichokiona mlinzi wa namna hiyo hakikubaki mali yake peke yake. Kilisemwa, kikazungumzwa, kikapimwa na majirani waliojua nani amemkosea nani. Na hatari ilikuwapo, kwani ndoto ya mmoja iliweza kumletea mwingine tuhuma, kunyweshwa mwafi, ile dawa ya kumpima mshukiwa, hata kufukuzwa kijijini. Kwa hiyo padre aliyekuja kusema kwamba mambo ya ndani yanahitaji kupambanuliwa hakuwa akiwaambia wazee jambo geni. Walikwisha kuona gharama ya kutopambanua.

Wamoravian nao walikuwa na njia yao. Tangu 1728, kule Herrnhut, jumuiya yao ilipewa kila siku mstari mmoja wa Biblia wa kutembea nao, na kuanzia 1731 mistari hiyo ikachapwa kuwa kitabu cha mwaka mzima. Mababu zao waliwahi pia kupiga kura baada ya maombi ili kujua mapenzi ya Mungu, hata katika mambo ya ndoa na ya kupeleka wamisionari, desturi iliyokuwa imeachwa kufikia mwishoni mwa karne ya 19. Ninawaheshimu kwa hilo. Mtu anayechukua neno alilochaguliwa, bila kujichagulia, anakiri kwamba moyo wake unaweza kumdanganya. Mapadre Weupe waliamini hivyohivyo juu ya moyo wa mwanadamu, ila walikuwa wamefundishwa kuuangalia kwa karibu zaidi, na aliyewafundisha alikuwa mwanajeshi kilema wa nchi ya Wabaski.

Inyasi wa Loyola alikuwa na umri wa karibu miaka 30 siku ile ya 20 Mei 1521 risasi ya mzinga ilipomvunja mguu akiitetea ngome ya Pamplona. Alirudishwa kwao, akalala kitandani miezi mingi. Aliomba vitabu vya mashujaa na mapenzi, lakini nyumba ile haikuwa navyo. Akapewa kitabu cha maisha ya Kristo na kingine cha maisha ya watakatifu. Basi akawa na ndoto za mchana za aina mbili. Kwa saa nyingi alijiona akimtumikia bibi mmoja wa ukoo mkubwa, akipanga maneno atakayomwambia. Kwa saa nyingine alijiona akitembea pekupeku hadi Yerusalemu na kula mboga za porini kama watakatifu walivyofanya. Zote mbili zilimfurahisha zikiwa zinaendelea. Tofauti aliiona baadaye tu: zile za kwanza zikiisha alibaki mkavu na hana raha, na zile za pili zikiisha furaha ilibaki. Hakujali mwanzoni. Siku moja, kama alivyokuja kumsimulia mwenzake uzeeni, macho yake yalifumbuka kidogo, akaanza kushangaa tofauti ile.

Watu wengi husimulia habari hii wakaishia hapo, kana kwamba Inyasi aliamka kitandani akiwa mwalimu. Ukweli ni kwamba alikosea kwa miaka, na makosa yake ndiyo yenye faida kwetu. Mwaka 1522, akielekea Montserrat juu ya nyumbu wake, aliongozana na Mwislamu mmoja wakabishana juu ya ubikira wa Maria. Yule mtu alipotangulia, Inyasi akawaka ndani: amfuate amchome jambia ili kulinda heshima ya Bikira, au amwache? Hakujua. Alipofika njia panda akamlegezea nyumbu hatamu, akiazimia kwamba mnyama akifuata njia ya kijijini atamuua yule mtu, na akifuata barabara kuu atamwacha. Nyumbu akafuata barabara kuu. Maisha ya mtu yalining'inia kwenye kwato za mnyama kwa sababu mcha Mungu mmoja alikuwa na moto moyoni na hakuwa na njia ya kuupima. Bidii peke yake haitoshi, na ninaomba msomaji asiipite haraka habari hiyo.

Manresa, alikokaa karibu mwaka mzima akisali saa saba kwa siku, makosa yaliendelea, ila sasa alianza kujifunza. Aliona mara nyingi, mchana kweupe, kitu hewani karibu naye, kizuri mno, chenye umbo kama la nyoka na kung'aa kama kina macho mengi. Kilimfariji kukitazama, na kilipotoweka alihuzunika. Baadaye, kando ya Mto Cardoner, akili yake ilipata nuru iliyomfanya aone mambo yote kuwa mapya. Alipokwenda kupiga magoti mbele ya msalaba uliokuwa karibu, kile kitu kikaja tena, na mbele ya msalaba hakikuwa na uzuri wake wa kawaida. Akajua kilitoka kwa nani. Tunu aliyoitunza kwa muda mrefu ilikuwa ya adui.

Kuna mambo madogo ya kipindi hicho ninayoyapenda kuliko yale makubwa. Alipolala usiku, katika saa chache alizojitengea za usingizi, yalimjia mafumbo matamu na faraja nyingi, hata asilale. Akafikiri: nimekwisha kumpa Mungu saa nyingi za mchana, na hizi nilizitenga kwa kulala. Akaamua kuziacha faraja zile, akalala. Wakati mwingine, akiwa amekata shauri kutokula nyama, asubuhi moja nyama ilimjia mbele ya macho kana kwamba ipo, na moyo wake ukakubali kabisa kula. Alikwenda kwa padre muungamishi wake, akamweleza, na yule padre akamwambia achunguze kama si jaribu. Akachunguza, akala. Kwanza alikataa wazo lililoonekana takatifu, halafu akalikubali lililoonekana la mwilini, na mara zote mbili hakutegemea sura ya wazo lenyewe.

Mwaka 1523 alifika Yerusalemu akiwa na uhakika kwamba Mungu anamtaka abaki huko maisha yake yote. Mkuu wa Wafransisko waliokuwa na dhamana ya mahali patakatifu alimkatalia, kwa kuogopa usalama wake, na kumwambia kwamba ana mamlaka ya Papa ya kuwatenga na Kanisa wasiotii. Inyasi hakuomba hata kuonyeshwa hati. Aliondoka. Kutokana na hilo akaanza kujiuliza afanye nini, akaona asome ili aweze kuwasaidia watu, akaenda Barcelona, mtu mzima akikaa na watoto kujifunza Kilatini. Huko, kila alipotaka kukariri vitenzi, yalimjia mawazo mapya ya kiroho yenye utamu ambao hakuupata hata katika misa. Hakuweza kuyafukuza. Mwishowe akajiuliza swali rahisi: mbona hayanijii hivi nikiwa nasali? Akatambua kwamba yalikuja kumzuia asisome. Akamwita mwalimu wake, Jerónimo Ardévol, katika kanisa la Santa Maria del Mar, akamsimulia yote kwa uaminifu, akamwahidi kwamba kwa miaka 2 hatakosa kumsikiliza, maadamu atapata mkate na maji. Mawazo yale hayakumsumbua tena.

Kutoka katika safari hiyo kilitoka kitabu chembamba, Mazoezi ya Kiroho, ambacho Papa Paulo III alikiidhinisha 31 Julai 1548. Kabla ya hapo Inyasi alikuwa amekwisha kuhojiwa na kufungwa Alcalá na Salamanca, kwa sababu wakubwa wa Kanisa la Hispania waliogopa watu waliodai kuangazwa na Mungu moja kwa moja. Pengine kufungwa huko kulimsaidia kuandika kwa uangalifu. Alisema kwamba wakati wa ukiwa, roho inapokuwa kavu na giza, mtu asibadili uamuzi alioufanya akiwa na mwanga. Alisema adui hupenda siri, na humchukia anayefungua moyo kwa muungamishi au kwa mtu mwenye uzoefu wa mambo ya kiroho. Alisema wazo lipimwe mwanzo, katikati na mwisho wake, kwa sababu wapo wanaoanza na jambo jema wakaishia kwenye jambo baya au lisilo jema kama lile waliloliacha. Kwa mtu anayekwenda mbele katika wema, aliandika, mguso wa roho njema ni kama tone la maji linaloingia kwenye sifongo, na mguso wa roho mbaya ni kama tone linalopiga jiwe. Mkazi wa Rungwe, ambako mvua hunyesha sehemu kubwa ya mwaka, anaweza kusikia tofauti hiyo bila sifongo: mvua ileile juu ya bati na juu ya bustani iliyotifuliwa.

Fundisho lililo kubwa kuliko yote, na lisilosikika sana kwenye mimbari zetu, linahusu muda unaofuata. Inyasi alikubali kwamba Mungu huweza kuigusa nafsi moja kwa moja, bila sababu iliyotangulia, na kwamba katika mguso huo hakuna udanganyifu. Lakini baada ya mguso nafsi hubaki na joto. Katika joto hilo mtu huanza kupanga, kuunganisha, kufanya hesabu, na mipango hiyo ni ya kwake au ya roho nyingine, ingawa ina harufu ya kile kilichotangulia. Aliwahi kumweleza jambo hilo mtawa mmoja wa Barcelona, Teresa Rejadell, katika barua ya 18 Juni 1536: Bwana husema ndani bila kelele ya sauti, na baada yake mara nyingi tunaongeza au tunapunguza. Basi aliyeguswa moyo amsamehe nduguye huenda ameguswa na Mungu kweli. Hata hivyo lile azimio la kwenda Jumapili, kusimama mbele ya ukoo wote na kutangaza msamaha huo hadharani, linahitaji kupimwa upya kama wazo jingine lolote.

Yeye mwenyewe alijifunza hilo hadi uzeeni. Shajara yake ya 1544, iliyosalia kwa sehemu, inamwonyesha akitafuta kwa siku 40 kujua kama makanisa ya shirika lake yawe na mapato ya kudumu au yasiwe nayo. Siku kwa siku anaandika machozi, faraja, ukimya. Uamuzi ulikwisha kupatikana mapema, lakini alitaka ishara zaidi, na zaidi, mpaka akaona kwamba hata kule kutaka uthibitisho usiokoma kulikuwa kumeingiliwa na nafsi yake. Tarehe 12 Machi akakata shauri. Mwandishi wa kanuni za kupambanua roho alihitaji kujikinga na uangalifu wake mwenyewe.

Karne ile ile, hukohuko Hispania, Yohane wa Msalaba alikuwa mkali kuliko yeye. Alifundisha kwamba maneno yasikikayo ndani ya sala yasishikiliwe, hata kama yanatoka kwa Mungu, kwa kuwa kama ni ya Mungu yamekwisha kufanya kazi yake papo hapo, na kuyang'ang'ania kunamzuia mtu kutembea katika imani. Teresa wa Avila, aliyekuwa na mang'amuzi mengi ya namna hiyo, aliyapeleka kwa waungamishi, wengine wakimwelewa na wengine wakimtesa. Nawataja kwa ufupi, kwa sababu njia iliyofika Tukuyu ilikuwa ya Inyasi.

Ilipitia Algiers. Charles Lavigerie, askofu wa Nancy huko Ufaransa, alikuwa Tours tarehe 11 Novemba 1866 kwa sikukuu ya Mtakatifu Martino. Waandishi wa maisha yake wanasimulia kwamba usiku aliota yuko katika nchi asiyoijua, watu wenye ngozi nyeusi wakimjia. Siku chache baadaye ikamfikia barua ya Marshal MacMahon, gavana mkuu wa Algeria, akimtaka akubali uaskofu wa Algiers. Akaikubali, ingawa Nancy ilikuwa njia ya vyeo vikubwa zaidi nyumbani. Wapo wanaoitukuza ile ndoto. Nami naona kilichomfaa ni mpangilio wa mambo: ndoto haikumfanya afunge mizigo. Ilimwandaa, na wito wenyewe ulikuja kwa barua, kutoka nje, kwa watu wenye mamlaka ya kuita, nao uliweza kujibiwa ndiyo au hapana akiwa macho.

Alipoanzisha shirika lake mwaka 1868, Lavigerie aliwaweka vijana wake wa unovisi mikononi mwa Wajesuiti, shirika la Inyasi, na Mazoezi yake yakawa chakula chao: kutafakari kila siku, kuchunguza dhamiri, mafungo ya kila mwaka. Aliongeza mambo mawili yake. Wamisionari wasikae chini ya watatu mahali pamoja, na kila kituo kiandike shajara, siku kwa siku. Amri ya watatu husimuliwa kama ulinzi dhidi ya upweke na homa, na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Lakini iliwalinda pia na nafsi zao. Padre aliyeamka na wazo la ajabu baada ya sala ya alfajiri alikuwa na wenzake wawili wa kumsikiliza kwenye meza ya kifungua kinywa, kabla wazo halijawa safari.

Msafara wa kwanza, watu 10, uliondoka Marseille mwaka 1878. Padre Pascal, aliyekuwa awaongoze wa Ziwa Tanganyika, alifariki njiani mwezi Agosti. Wenzake wawili, Deniaud na Augier, waliuawa Rumonge mwaka 1881. Upande wa Buganda, Siméon Lourdel na Bruda Amans walifika Februari 1879, lakini kufikia mwisho wa 1882 mkuu wao, Léon Livinhac, aliamua waondoke, wakahamia kusini mwa Ziwa Viktoria hadi 1885. Hukumu ya kuondoka ilikuwa ngumu kwa watu walioapa kutoa uhai wao. Msukumo wa kubaki na kufa ungeonekana mtakatifu zaidi. Waliondoka, na waamini waliowaacha wakaendelea kusali na kufundishana, wakiwa na Joseph Mukasa Balikuddembe na Andrea Kaggwa kati yao. Hao ndio waliokuwa na nguvu za kusimama Kabaka Mwanga alipoanza kuwaua, Mukasa tarehe 15 Novemba 1885, na Karoli Lwanga na wenzake Namugongo tarehe 3 Juni 1886.

Lavigerie alikuwa pia ameamuru kwamba anayetaka kubatizwa asubiri miaka 4: sehemu ya kwanza kama mwombaji, ya pili kama mkatekumeni. Wengi walilalamika. Waprotestanti walibatiza upesi zaidi, na wafalme hawakuwa na subira. Lakini ndani ya amri hiyo naisikia shule ya Manresa. Mtu amekuja akisema, "Nimeguswa." Vyema, akaribishwe. Tuone joto likishapoa amebaki na nini, na jirani zake wanasema nini juu yake.

Kutoka Karema, kituo walichokipata kwenye ukingo wa Ziwa Tanganyika mwaka 1885, kazi ilisambaa Ufipa na kusini, na hatimaye ikaingia nchi ya Tukuyu. Haikuwa rahisi. Mahali ambapo mchungaji Mmoravian alikuwa ameshajifunza Kinyakyusa na kuhubiri habari za Kyala, yaani Mungu, padre aliyekuja na Kilatini chake alilazimika kuanza na subira. Nusu saa ile ya alfajiri waliishika wao wenyewe, wakawafundisha waseminari na watawa. Mkulima wa migomba alipewa rozari, katekisimu na maungamo. Hapo ndipo ninapowalaumu mapadre wale, kwa upendo. Walikuwa na hazina ya kupambanua mambo ya moyoni, wakaiacha sakristiani kana kwamba moyo wa mlei hauguswi. Alipoguswa hakuwa na pa kulipeleka jambo lake ila kwenye maungamo ya dakika chache, au nje ya Kanisa, kwa nabii wa kwanza aliyemwambia kwamba ndoto yake ni amri.

Eneo lile la Tukuyu likawa jimbo kamili la Mbeya 1953, na mwaka 1966 likampata askofu mzalendo, James Dominic Sangu, aliyekaa katika kiti hicho miaka 30. Ni wakati wake ambapo hazina ile ilianza kugawanywa. Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki waliokutana chini ya umoja wao wa AMECEA waliamua kuzifanya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwa msingi wa kazi ya kichungaji. Majirani wa kaya chache walianza kukutana nyumbani kwa mmoja wao kila wiki. Kutoka Afrika Kusini, kwenye kituo cha Lumko, ulikuja mtindo wa kushirikishana Injili kwa hatua 7, na ulienea haraka katika majimbo yetu.

Wakati jumuiya zikijifunza hayo, nchi jirani ya Rwanda iliwekwa kwenye mizani kubwa zaidi. Tarehe 28 Novemba 1981, katika shule ya Kibeho, mwanafunzi Alphonsine Mumureke alisema amemwona Mama wa Neno. Wengine wakafuata, wengi mno. Askofu Jean-Baptiste Gahamanyi wa Butare hakukanusha wala hakupiga vigelegele. Mwaka 1982 aliunda tume ya madaktari na tume ya wanateolojia, mwaka 1988 akaruhusu ibada ya hadhara mahali pale, na hukumu yenyewe ilitolewa na Askofu Augustin Misago wa Gikongoro tarehe 29 Juni 2001. Waliokubaliwa ni watatu tu. Karibu miaka 20 ilipita, na katikati yake yalikuwamo mauaji ya 1994, yaliyomchukua Marie Claire Mukangango, mmoja wa hao watatu. Kuna waliouona ucheleweshaji ule kuwa ugumu wa moyo. Nadhani ulikuwa heshima. Jambo linalodaiwa kutoka kwa Mungu linastahili kupimwa kwa uzito kuliko jambo lingine lolote.

Jumuiya ya mtaani haina madaktari wala wanateolojia. Ina hatua zile 7, na ukizitazama vizuri utaona shule ya Inyasi imeshushwa kutoka kanisa dogo la mapadre hadi sebuleni. Wanamkaribisha Bwana. Wanasoma. Kila mmoja anataja neno au fungu lililomgusa, bila maelezo, na kulirudia polepole. Kisha kimya, dakika chache zilizopangwa na kutangazwa, mtoto akilia aachwe alie. Katika hatua ya tano wanashirikishana waliyoyasikia moyoni, na sheria yake ni kali: hakuna kuhubiri, hakuna kumjibu mwenzako, hakuna kulirekebisha neno lake. Anasema "mimi", anasema kilichompata, anaketi. Mama aliyeguswa kumrudia wifi yake anaweza kusema hivyo, na wote wakasikia, na hakuna anayempigia makofi wala kumwonya. Wazo limetoka sirini. Bado halijawa amri.

Hatua ya sita haiulizi tena nani ameguswa na nini. Inauliza jumuiya ina kazi gani wiki hii, na kazi iliyopangwa wiki iliyopita imefika wapi. Kuna mgonjwa wa kupelekewa kuni. Kuna mtoto aliyeacha shule. Yale yaliyosemwa katika hatua ya tano yanakaa kando ya mambo haya, na mara nyingi hapo ndipo inapojulikana lipi lilikuwa joto la saa moja na lipi lina miguu. Mama yule hakutumwa kutangaza msamaha mbele ya ukoo. Ikitokea kwamba mgonjwa wa kupelekewa kuni ni wifi yake, mwenyekiti wa jumuiya anaandika kwenye daftari: nani atakwenda, na siku gani.